Nilikuachia Funguo, Sikukuachia Gari

Same,
28 Aprili 2024

Dada Yudith,

Shikamoo.

Huku mvua imetukumbuka mwaka huu. Hata kwenye tambarare kumeota majani, wafugaji wamerudisha ng'ombe karibu na nyumbani. Wifi yako Irine anakusalimu, Fortunata naye anakusalimu na anauliza kama shangazi yake amepona mkono. Mama alirudi kutoka Moshi Alhamisi. Wamemwekea chuma kwenye nyonga. Anakula makande kidogo, kisha anasukuma sahani na kuuliza, "Yudith hajapiga?" Nimemwambia una kazi nyingi.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha mezani. Umenifungia simu. Nilipiga kwa namba ya Irine, nayo ukaifunga. Ndiyo maana nashika kalamu, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, namwandikia dada yangu wa tumbo moja barua ya kupelekwa na basi hadi Mtwara kana kwamba simu hazijaletwa nchi hii.

Hospitalini uliniita muuaji. Uliniita hivyo mbele ya wauguzi na mbele ya mama mdogo Beatha, na mimi nikanyamaza kwa sababu mama alikuwa amelala pale kitandani anasikia. Nilinyamaza siku ile. Leo sinyamazi.

Ndiyo, nilibadilisha matairi ya gari lako. Sijawahi kukana. Ulipoliacha kwangu baada ya Krismasi uliniambia, "Tumia, mpeleke mama kliniki." Nikatumia. Mwezi wa pili nikatoa yale magumu lililokuja nayo, nikaweka ya kawaida, mapya kabisa. Sababu ninayo, na si ya kuandika. Lakini nikuulize: nchi nzima inatembea kwa matairi ya kawaida. Malori yanapita hapa Same usiku na mchana kwenda Arusha, yamevaa nini? Mbona hayamvunji mama wa mtu nyonga? Aliyekuwa ameshika usukani siku ile si mimi, dada.

Fungua simu. Kama hutaki kuongea na mimi, ongea na mama.

Mdogo wako,
Anderson


Mtwara,
16 Mei 2024

Anderson,

Marahaba.

Mshukuru Irine kwa kumwogesha mama. Najua ni kazi ya mgongo. Mwambie Fortunata mkono umepona, ila vidole viwili bado vinakufa ganzi. Huku tumeanza kupulizia mikorosho, kila nguo yangu inanuka salfa. Barua yako ilifika imekunjamana, nami nilipoisoma niliikunja zaidi.

Unauliza malori yamevaa nini. Nitakueleza polepole, kama ninavyowaeleza vibarua wangu wapya. Gari lile lilitoka kiwandani na matairi ya ranifleti. Ubavu wake ni mgumu makusudi. Upepo ukiisha, ubavu wenyewe unabeba gari, taa ya njano inawaka mbele yako, nawe unaendelea kwa mwendo wa wastani mpaka ufike kwa fundi. Kwa sababu hiyo gari halikuwekewa spea. Halina jeki. Buti lake halina hata shimo la kuweka spea. Malori yako yote yanayopita Same yana spea, Anderson, na dereva wake anajua akipata pancha asimame. Wewe uliniondolea kinga niliyokuwa nayo, hukuweka nyingine mahali pake, na hukuniambia.

Hukuwepo siku ile. Basi sikiliza. Jumatatu ya Pasaka nilimpakia mama nimpeleke Makanya kwa mama mdogo Beatha. Tulipotoka Same gari lilikuwa laini mno, nikadhani wamekarabati barabara. Mama alikuwa mchangamfu. Akasema, "Yudith, leo gari lako tamu." Tulipokaribia mashamba ya mkonge taa ikawaka. Unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilishukuru kwamba sina haja ya kumsimamisha mama juani. Gari likaanza kuvuta upande, likaanza kunguruma.

Mama akauliza, "Linasema nini hili?"

Nikamwambia, "Tulia, mama. Matairi haya hayahitaji upepo."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama yangu. Nikaendelea kukanyaga mafuta. Tairi la mbele likachanika, likatoka kwenye rimu, usukani ukanipokonya mikono, tukaingia mtaroni. Nilisikia mfupa wa mama kabla ya kusikia bati.

Unasema mwenye usukani ni mimi. Ni kweli. Nilikuwa nimeshika usukani wa gari nisilolijua, kwa sababu mdogo wangu alilibadilisha gizani na kunirudishia funguo akitabasamu.

Lakini hili si jipya. Baba alipofariki mlikaa kikao nyumbani Suji mkagawa shamba, mkasema Yudith yuko Mtwara, hana mume, shamba la nini. Sikuulizwa. Nikanunua gari kwa jasho langu, kitu kimoja duniani ambacho hakuna mtu wa ukoo aliyeweza kusema ni cha ukoo, nacho mkakigeuza bila kuniuliza. Nilikuachia funguo, Anderson. Sikukuachia gari.

Na hiyo sababu yako isiyoandikika ni ipi? Uliyauza matairi yangu? Kama uliyauza, sema uliyauza.

Yudith


Same,
30 Mei 2024

Dada Yudith,

Shikamoo.

Sisi wazima. Mama sasa anasimama kwa kushika kile kiti cha chuma cha kutembelea. Jana alifika mlangoni, akatazama milima, akarudi. Mchungaji alikuja kumshirikisha meza ya Bwana nyumbani. Mama akamwomba amwombee "binti yangu wa mbali". Hakumwomba amwombee yule wa karibu anayemgeuza kitandani.

Matairi yako yako stoo kwangu, yote manne, nyuma ya magunia ya mahindi. Njoo uyahesabu. Sijawahi kuuza kitu chako, wala sitauza. Na habari ya shamba, mimi nilikuwa mdogo wakati ule, waliokaa kikao walikuwa wazee. Ukitaka kunigombeza kwa shamba, nigombeze, lakini usilifunge kwenye tairi.

Umeandika ukurasa mzima wa mafunzo ya matairi. Sasa nami nikufundishe. Mama ana miaka themanini na moja. Nyonga zake zilikuwa mbovu kabla ya ajali, ulijua? Uliwahi kuuliza? Wewe unakuja Krismasi na Pasaka. Unafika na gari jekundu la milango miwili, gari lisilobeba hata mkungu wa ndizi, unapiga honi getini, mama anavaa kitenge kipya, unampitisha mbele ya kanisa kila mtu amwone. Siku ya tatu umeondoka. Anayebaki ni Irine na mimi. Anayejua mama analala ubavu gani, anayejua akikunja uso namna gani ana maumivu na namna gani ana hasira, ni sisi. Wewe unamjua mama wa sikukuu.

Sababu ni barabara. Barabara zetu za mitaani ni mbaya, matairi yale ni magumu kama gogo, gari lilikuwa linagonga kila shimo. Hiyo ndiyo sababu, na sitaiongeza. Ukitaka kuamini, amini.

Usiniite tena muuaji.

Anderson


Mtwara,
9 Julai 2024

Anderson,

Natumaini mama anaendelea vizuri na shule ya Fortunata inakwenda.

Sikuamini. Mtu hanunui matairi manne mapya kwa ajili ya mashimo ya mitaani kwenye gari lisilo lake. Unanificha jambo, na anayenificha jambo siwezi kumwachia mama. Nimemwandikia baba mkubwa Tumainieli, nikamweleza yote. Nimemwomba aitishe kikao cha ukoo, na nimeomba mama aletwe Mtwara akae kwangu. Nina nyumba, nina mtu wa kumsaidia, hospitali iko karibu. Barua yangu itasomwa mbele yenu. Mimi sitakuja. Sina moyo wa kukaa chumba kimoja na wewe.

Yudith


Same,
11 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Upepo wa kiangazi umeanza, vumbi limerudi, mahindi tumevuna vizuri. Irine anaumwa mgongo. Mengine ya salamu yatasubiri.

Kikao kimekaa jana, nyumbani kwangu. Walishuka kutoka Suji baba mkubwa Tumainieli na wazee wengine, na mama mdogo Beatha akaja kutoka Makanya. Nakuandikia kilichotokea kama kilivyotokea, usije ukasema nimekificha nacho.

Baba mkubwa alisoma barua yako kwa sauti. Ni barua kali. Wazee walikuwa wanatazama chini. Alipomaliza akanigeukia: "Anderson, dada yako anauliza kwa nini ulifanya vile kwa siri. Jibu."

Nikasema, "Sina jibu zaidi ya nililompa."

Baba mkubwa akakasirika. Akasema kama mtu hawezi kueleza alichofanya na gari la mwenzake mpaka mzazi akavunjika, basi Yudith ana haki, mama apelekwe Mtwara. Wazee wakaitikia. Irine alianza kulia. Mungu anajua, dada, nilikuwa nakuchukia wakati ule.

Mama alikuwa chumbani. Tulidhani amelala. Tukasikia kile kiti chake cha chuma kinagonga sakafu, akatokea. Akakataa kusaidiwa. Akasema kwa Chasu, kwa ile sauti yake ya zamani aliyokuwa akituitia kutoka ng'ambo ya bonde:

"Soma tena pale palipoandikwa siri."

Baba mkubwa akasoma.

Mama akasema, "Siri ni yangu. Mwacheni mtoto."

Akaendelea, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

"Kila Yudith aliponipakia nilikuwa nauma kitambaa. Gari ni zuri, lakini lilikuwa linanitwanga nyonga kama mchi. Yeye anacheka, ananiambia, mama, tazama milima inavyokimbia. Tangu baba yake afe sijamwona akicheka vile. Ningemwambiaje? Nikamwambia Anderson atafute matairi laini, amwapie Mungu kwamba Yudith hatajua. Maana angejua ninaumia angeacha kunipakia. Angekuja kwa basi, akae kwenye kiti, anitazame kwa huruma, aondoke."

Kisha akaomba maji.

Basi hiyo ndiyo sababu isiyoandikika. Umeipata. Niliapa na nikashika kiapo, hata uliponiita muuaji, hata ulipotaka kuninyang'anya mama mbele ya wazee. Baba mkubwa alikunja barua yako akaiweka mfukoni, wakala, wakapanda kurudi Suji. Hawakusema nani kashinda. Hakuna aliyeshinda.

Jambo moja bado liko kooni. Salimu, yule mwenye nyumba ya wageni kule stendi, ameniambia ulilala kwake mwezi wa sita. Mwezi wa sita, Yudith! Ulifika Same, ukalala hatua chache kutoka kwa mama yako, ukaondoka. Halafu ukaandika kwa baba mkubwa kwamba siwezi kuachiwa mama. Wewe uliyefika mjini ukashindwa kupiga hodi. Sijamwambia mama. Hiyo nayo nimekutunzia, ingawa hukuniomba.

Anderson


Mtwara,
22 Septemba 2024

Anderson,

Salamu kwa Irine. Ndani ya bahasha hii kuna jina la dawa ya kuchua mgongo, aitafute. Mwambie Fortunata ajitahidi hesabu. Korosho zimeanza kudondoka, wiki zijazo sitakuwa na usingizi.

Barua yako imekaa kwangu muda mrefu. Niliisoma ghalani, nikatoka nje nikatukana, vibarua wakadhani mizani imeharibika. Kwanza nilimkasirikia mama. Sijawahi kumkasirikia mama maishani mwangu, sikujua hata pa kuanzia. Alikuwa anauma kitambaa! Kilomita zote zile, pembeni yangu, na mimi naonyesha milima.

Kisha nikakurudia wewe, na kwako sijamaliza. Ulishika kiapo. Vizuri. Kila mtu hapo Same sasa anakuona mtoto mwema. Lakini mimi ndiye nilikuwa nimeshika usukani, Anderson. Ungeweza kutunza maumivu ya mama na bado ukaniambia habari ya matairi. Ungesema tu, "Dada, yale ya zamani yamechakaa, nimeweka ya kawaida, ukipata pancha simama." Sentensi moja. Siri ya mama ingebaki siri, mimi ningesimama kando ya mkonge, tungesubiri mtu wa kutusaidia, mama angelalamika jua, basi. Hukuona tofauti ya siri inayomficha mtu aibu na siri inayomwingiza mtu mtaroni. Hilo sitakusamehe haraka, na usiniombe.

Lakini muuaji si wewe. Neno lile nalirudisha. Nililisema nikiwa na damu ya mama kwenye kiganja.

Ndiyo, nilifika mwezi wa sita. Asubuhi nilitembea mpaka kwenye ua wako. Irine alikuwa anamfundisha mama kupiga hatua, mama anamshikilia shingoni, anahema. Kwa kila hatua Irine anamwambia, "Nyingine, mama, nyingine." Nilisimama nyuma ya ua wa minyaa. Nilijua nikipiga hodi mama atanyoosha mgongo, atatabasamu, atataka kuja bila kushikwa, kwa sababu yangu. Wakati ule sikujua kwa nini nilijua hivyo. Nikageuka. Umesema namjua mama wa sikukuu. Siku ile nilimwona yule mwingine, na nikaona hakuwa wangu. Kwa hasira ya hilo ndiyo nilimwandikia baba mkubwa. Sasa unajua.

Mama asihamishwe. Abaki anapoeleweka.

Gari limetoka kwa fundi. Aliniuliza nataka matairi gani. Nikamwambia aweke ya kawaida, laini kuliko yote aliyo nayo, na anitafutie spea na jeki. Akasema, "Mama, buti la hili gari halina nafasi, ukiweka spea hutaweka kitu kingine." Nikamwambia aweke.

Nakuja Ijumaa ijayo. Nitampakia mama, na kabla sijawasha gari nitamwambia, "Ukiumia, sema. Usiposema nitakushusha." Nawe utakuwepo umsikie akijibu. Usinipokee kwa hotuba, wala usimwite mchungaji. Tukigombana, tutagombana uani, mama akiwa amelala.

Spea imekula buti lote. Begi langu nitalipakia kwenye basi la Jumatano, kalipokee stendi. Usilifungue.

Dada yako, ambaye bado amekasirika,
Yudith